Mchaichai wa Mama Usiunywe

Chaani, Changamwe,
Mombasa.
Ijumaa, 14 Februari 2025

Mpendwa Dada Nasreen,

Assalaam alaikum, na shikamoo dada yangu. Hali yako? Na huyo mgeni tumboni aendeleaje, kichefuchefu kimepungua? Shemeji Talha je, na kazi zake hapo Salalah, Omani? Sisi ni wazima, alhamdulillahi, mimi na mwanangu Wardah. Khamis, babake, bado yuko Lamu kwenye ujenzi, mwezi wa nne huu hajaja. Nyumba imekuwa kubwa tangu Mama atutoke. Nikipika wali napika wa watu watano, kisha naukodolea macho.

Nakuandikia kwa kuwa juzi ulinikatia simu, na jumbe nilizokutumia baadaye hujafungua hata moja. Ulisema, "We Swabra, mchaichai wa Mama si wako peke yako!" Dada, sikukunyima kwa uchoyo wallahi. Soma mpaka mwisho.

Mwaka jana, mwezi wa sita, Wardah alianza kulalamika tumbo. Chakula hataki, kucheza hataki. Kliniki wakampima damu, wakakuta madini ya risasi, yale ya kwenye betri za gari. Daktari akaniuliza mtoto anakula nini, anachezea wapi. Nikataja kila kitu, nikasahau chai ya mchaichai. Nani hutaja chai?

Bwana shamba mmoja, Kitsao, aliyetumwa na kliniki, ndiye aliyekuja nyumbani akauliza ule udongo mweusi wa kitaluni kwenye mchaichai ulitoka wapi. Nikamwambia, tena kwa kujisifu, kwamba Mama aliuchota nyuma ya reli, pale watu walipokuwa wakiyeyusha betri kuukuu. Wakumbuka? Wewe na karai, mimi na kibeseni, Mama mbele anatuhimiza. Udongo ulikuwa laini, umechanganyika na majivu, akaona amepata mbolea ya bure. Kitsao aliacha kuandika, akanitazama. Majani ya mchaichai yalipopimwa, risasi ilikuwamo. Na kopo ulilobeba ulipokuja kwenye arobaini ya Mama ni la majani yale yale.

Hapo ndipo kosa langu. Tangu mwezi wa saba najua, nami sikukwambia. Kila nikishika simu naona haya; kusema ni kama kumshitaki Mama, na kaburi lake bado bichi. Nikajidanganya kuwa kopo limekwisha. Juzi ndipo uliponiambia una mimba, umebakisha nusu kopo, na wachemsha kikombe kila asubuhi upate kumsikia Mama. Nilishikwa na hofu, nikaropoka tu, "Sikutumii, na hilo pia usinywe!" Ningekuwa wewe, nami ningekata.

Usidhani nimekaa tu. Kitsao alinifundisha kuutibu udongo. Naomba mifupa kwa muuza nyama wa Magongo, naichoma mpaka iwe myeupe, naiponda, nachanganya na samadi iliyooza na chokaa kidogo, kisha nafukia kitaluni. Kazi hiyo naifanya Wardah akilala, na mgongo wangu waujua. Mama Fondo, jirani, alichungulia uani akasema, "Swabra, mchaichai waupa mifupa? Kesho utaupikia pilau!" Nilicheka. Nilikuwa sijacheka wiki nzima.

Risasi yenyewe haitoki ardhini, dada. Kitsao asema dawa ile yaishikilia tu, mizizi isiifyonze kwa wingi. Mwezi uliopita alichukua majani mengine kupima, ikawa imepungua zaidi ya nusu. Nilifurahi, nikamuuliza, "Basi sasa twanywa?" Akasema, "Hapana, mama. Mtoto hapana, mjamzito hapana." Hivyo nami nasema hapana. Hata ukilia sitakutumia.

Wardah anaendelea vizuri, amerudi kula mayai na mchicha, na kitaluni hakanyagi tena, nimepaziba kwa makuti. Jioni nachemsha chai ya tangawizi, kikombe kimoja. Haina harufu ya nyumba yetu. Nakaa kizingitini, naongea na mtoto wa miaka mitatu mambo ambayo ningeyaongea nawe.

Basi fanya mawili. Lililobaki koponi litupe lote, usimgawie mtu. Kisha nenda hospitali upimwe damu, uwaambie umekuwa ukinywa majani yenye madini ya risasi na una mimba. Usione haya kumtaja Mama. Alikuwa akitupenda, na hakujua.

Nana wa Likoni akusalimu, kila swala anakuombea wewe mjukuu wake na mimba yako. Nisalimie Shemeji Talha sana. Mwenyezi Mungu akulindie ulichobeba, akushushe salama, na atukutanishe inshallah.

Barua hii naituma kwa mkono wa Bi Mwanatabu, anayekuja huko kwa bintiye. Mkaribishe, mpe kahawa. Nimemwapisha asiondoke mlangoni kwako mpaka akuone kwa macho yake ukilimwaga lile kopo, na ukikataa alimwage mwenyewe. Ukasirike naye, ukasirike nami. Nitastahimili.

Nduguyo akupendaye, hata usipomjibu,
Swabra