Niliuliza Kosa Langu, Nikateguliwa Bega

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijasaini nisichokitaka, maana nyumbani wote wamenigeuka. Mimi ni dereva wa gari la mikate, na asubuhi ile trafiki alinisimamisha karibu na kituo cha mafuta, nikasimama, nikampa leseni, akaniamuru nishuke, nikamuuliza, "Kosa langu nini, afande?" basi swali hilo ndilo likawa kosa, akafungua mlango, akanivuta mkono akaupinda nyuma hadi bega likalia ko!, nikaanguka kifudifudi kwenye lami, blauzi ikachanika, huku mwenzangu tunayegawa naye mikate akipiga kelele, "Muache, hajakataa kushuka!" Hospitali wakasema bega limeteguka. Nilipokwenda kushtaki, nikakuta nimeshtakiwa mimi, eti nimemzuia askari kufanya kazi yake. Sasa mjomba aliyenilea, askari mstaafu, ameniletea ujumbe kutoka kituoni: nikisaini kufuta malalamiko, nao wanafuta kesi. "Mwanangu," anasema, "mkono usioweza kuukata, ubusu." Mume wangu anaitikia. Nimegoma, lakini nimeanza kujiuliza, ninadai haki au ni kiburi tu?

Mama Mikate

Mama Mikate, pole sana kwa bega. Kwa hilo swali la mwisho sikupi pole, nakukaripia. Aliyekuumiza anatembea kifua mbele, halafu wewe ndiye unayejichunguza roho?

Kuuliza kosa si kosa. Askari hutumia nguvu pale inapobidi, na kwa kiasi kinachobidi. Hukukimbia, hukurusha ngumi, leseni alikuwa nayo mkononi. Kilichomlazimu ni nini? Akajibu mwenyewe mbele ya hakimu. Na hiyo biashara ya futa nifute inanitosha: kesi yao ingekuwa na miguu, wasingeitembeza sokoni.

Mjomba mpe shikamoo yake, mpe na chai, kisha mwambie wazi kwamba mkono anaotaka uubusu ndio uliokutegua. Anakupenda, ila sare ameivua mwilini tu.

Usisaini. Blauzi iliyochanika usiifue. Chukua nakala ya taarifa ya daktari. Mwenzako aandikishe alichokiona kabla hawajamtisha. Tafuta wakili, wapo wa msaada wa kisheria wasiotoza. Malalamiko yapeleke kwa wanaochunguza askari, si kituoni kwake, kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Na ile kesi yao usiikimbie. Siku ya kuitwa fika mapema, na bega likiwa bado linauma, inua mkono mwingine, uape, useme.