Ngazi Tatu Nyuma ya Hekalu

Nong Saeng, 6 Machi 1996

Mwanangu Ratsami,

Hujambo huko kiwandani? Cherehani hazijakumaliza? Sisi wazima, mimi na mwanao Phailin, ila goti langu linanisumbua tangu nijikwae mwezi uliopita. Usiogope, uzee tu. Mkono nao unatetemeka, ndiyo maana mimi nasema, Phailin anaandika. Mtoto wa miaka kumi ana mwandiko mzuri kukushinda wewe, na usinune.

Juzi mwezi ulijaa, tukaenda hekaluni kama kawaida yetu tangu Phailin ajue kutembea. Mshumaa mkononi, ua la yungiyungi, mizunguko mitatu kuuzunguka ukumbi wa sala. Alivyonikamata mkono, utadhani askari na mwizi wake! Safari hii watu walitupisha njia, kimya kabisa, hata jirani yetu Bunlai, yule asiyefunga mdomo hata akitafuna. Nikasema kumbe heshima bado ipo kijijini. Tangu baba yako afariki, matembezi hayo ndiyo yananiweka hai.

Mama yako

Chonburi, 2 Aprili 1996

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi sipati.

Bunlai alikuja huku kumwona mwanawe, akapita kwangu. Mama, ni kweli mlizunguka kushoto? Mizunguko yote mitatu? Kushoto huzungushwa maiti kabla ya kuchomwa! Si ndivyo tulivyomzungusha baba? Bunlai anasema watu waliwapisha kwa hofu, na sasa wanawakataza watoto wao kucheza na Phailin. Umemtembeza mwanangu njia ya wafu. Akili zako ziko sawa, Mama? Nisamehe, lakini nauliza.

Nimepata nafasi ya shule karibu na bweni letu. Inafunguliwa katikati ya Mei. Nataka kumchukua Phailin. Nijibu.

Binti yako Ratsami

Nong Saeng, 20 Aprili 1996

Mwanangu,

Hujambo? Goti limepoa. Barua yako fupi mno jamani! Salamu, afya, kwisha. Nimefurahi kusikia kwamba Bunlai alipita kwako. Nilimuuliza habari zako, akanijibu kwa kukohoa. Mwanamke huyo!

Mwaka mpya, wiki iliyopita, tumemwagiana maji kama desturi mpaka nguo zikagandamana mwilini. Phailin hakutoka kucheza. Siku hizi anashinda nami jikoni, anasema wenzake wamekuwa wakorofi. Una habari gani nyingine?

Mama yako

Chonburi, 27 Aprili 1996

Mama,

Shikamoo. Nimekuuliza mambo mawili mazito, wewe unaniletea hadithi za maji. Kama umeamua kunipuuza, haya. Siombi tena. Nakuja tarehe 12 Mei kumchukua Phailin. Mfungie nguo zake.

Ratsami

Nong Saeng, 2 Mei 1996

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Huyu ni mimi, Phailin. Bibi yuko nje anapepeta mchele. Anadhani naandika alichosema, kwamba amefurahi unakuja kututembelea na atakupikia supu ya machipukizi ya mianzi. Hajui unakuja kunichukua. Hapo sikumsomea. Na ile barua ya kwanza niliruka karibu yote.

Bibi haoni, Mama. Tangu mavuno. Anaona mwanga, lakini mtu hamtambui mpaka aongee. Aliniapisha nisikwambie, alisema ukijua utanihamisha.

Kushoto nilimpeleka mimi. Nyuma ya ukumbi kuna ngazi tatu, na ya kati imebomoka. Ukizunguka kulia unazishuka, na hapo ndipo alipoanguka mwezi wa pili, goti likavuja damu. Ukizunguka kushoto unazipanda, na kupanda anaweza, anapapasa kwa mguu. Upande wa mbele ni mteremko tu, haumsumbui. Najua ni njia ya maiti, nilikuwepo siku ya babu. Nikaona afadhali watu waseme kuliko bibi avunjike mguu. Yeye hakujua, nilimwambia ngazi zimejengwa upya. Watu walinyamaza, akadhani ni heshima.

Leo mwezi unajaa. Nimemdanganya kwamba tumbo linaniuma, tusiende. Amelia kidogo, halafu akanichemshia tangawizi.

Ukinichukua, nani atamshika mkono? Usimwambie nimesema.

Mwanao Phailin

Chonburi, 8 Mei 1996

Mama yangu,

Shikamoo. Phailin, msomee bibi barua hii yote. Ukiruka mstari nitajua.

Mama, habari za macho yako ninazo. Usimgombeze mtoto. Ni mimi niliyestahili kugombezwa, niliyemsikiliza Bunlai nisikuulize hali yako. Wala si wewe uliyekwenda kushoto. Phailin alikupitisha huko ili usianguke tena kwenye ile ngazi mbovu.

Nilidhani nakuja kumwokoa mwanangu, kumbe nilikuwa nakuja kukung'oa macho. Nisamehe, Mama. Nimelia chooni kiwandani mpaka msimamizi akagonga mlango.

Nafasi ya shule nimeiacha. Nitakuja tarehe 30, nimepewa siku nne tu. Kesho yake, Ijumaa, mwezi unajaa, Jumamosi nakupeleka kwa daktari wa macho mjini. Baada ya hapo sijui, sitaki kukudanganya. Kazi siwezi kuiacha, na ninyi siwezi kuwaacha hivyo.

Lakini Ijumaa tutazunguka kulia, sote watatu, Bunlai atutazame mpaka achoke. Tukifika kwenye zile ngazi nitatangulia mimi, nishuke kinyumenyume, nimewashika wewe na Phailin.

Binti yako Ratsami