Sentensi Niliyoifuta kwa Kanga

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mkolani tu wazima. Magoti ya babu yako yamepata nafuu, sasa analalamikia chai tu.

Unauliza kama ufute yote uliyoandika kwenye blogu, kwa kuwa lile gazeti ulilolikosoa linatishia kukushtaki. Ngoja kwanza.

Miaka ya tisini, magazeti binafsi yalipoanza kumiminika, moja liliwaita wauza samaki wa Mirongo wezi bila kumhoji hata mmoja wao. Nilipandwa na hasira. Kwenye ubao wa bei, nje ya duka langu la ushonaji, nikabandika gazeti lenyewe na kuandika chini yake kwa chaki: "Gazeti hili limesikiliza upande mmoja. Mhariri kahongwa."

Babu yako akasoma, akaniuliza, "Hiyo hongo umeiona?"

Nilimnunia, lakini sentensi ya pili nikaifuta kwa pindo la kanga.

Kesho yake wakili wa gazeti akaja kunakili maneno yangu. Akasoma ubao mara mbili, akafunga daftari bila kunakili neno, akauliza kama nashona suruali. Nilishusha pumzi, mama, mpaka mteja akacheka.

Ile sentensi ya kwanza niliiacha. Kila chaki ilipofifia, niliikoleza.

Bibi yako