Sinema Aliyoichagua Saru

Kwako Mama yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeketi, na baridi ya huko juu Wundanyi imelihurumia lile goti lako. Mvua imeshika? Na mahindi je, nyani wamewabakishia chochote? Sisi huku hospitalini Nairobi tunapumua, na kwa hilo namshukuru Mungu. Nimeandika kwa sababu kwa simu siwezi: nikifika tu kwa neno "macho" wewe unakata. Barua haikatiki. Wawuda mdogo wangu, wewe ndiye msomaji. Msomee Mama polepole, na usiruke mahali hata akiguna.

Mama, mara ya mwisho tulipoongea ulisema vitabu vyangu ndivyo vilivyokula macho ya Saru. Ati nilisoma sana nikiwa na mimba yake, hata ugali ukaungua. Ugali uliungua, hilo nakubali. Lakini nilimuuliza daktari. Niliona haya, si unajua mimi niliishia darasa la nane, lakini nikauliza. Hakucheka. Alisema saratani hii huanzia ndani ya jicho lenyewe mtoto akiwa bado mchanga, hauletwi na kitabu wala na mtu. Nikamshukuru, nikaenda chooni nikalia, kwa sababu siku nyingi nilikuwa nimekuamini wewe.

Unakumbuka ni wewe uliyeona kwanza. Ulikuwa umempakata mlangoni jua likiingia, ukasema, "Tazameni, wajina wangu ana jicho la paka! Huyu hatapotea gizani." Tukacheka sote. Tulicheka miezi sita, Mama, kumbe kule kung'aa ndio ugonjwa. Kama kuna kosa ni hilo, na ni letu sote, na hatukujua.

Shangazi aliniambia unauliza tunashinda tukifanya nini huku. Tunaangalia sinema. Najua utashangaa, mimi niliyekuwa nakaa nyuma ya nyumba na kitabu kisicho na jalada, wenzangu wote wakiwa kwa jirani kwa televisheni. Lakini baada ya jicho la kwanza kutolewa, na dawa kushindwa kuliokoa hili la pili, nilijiambia: kitabu nitamsomea hata akiwa haoni. Sinema haitangoja.

Simu ni ya Mama Hamisi, mama mmoja wa Kwale, kitanda chake kimepakana na chetu. Yeye anapenda zile za bunduki, zenye mtu wa kutafsiri anayepiga kelele kushinda bunduki zenyewe. Mimi siziwezi. Napenda sinema inayokwenda kama kitabu, mtu anamenya viazi mpaka vinaisha, na wewe unajua moyoni mwake kuna nini. Mama Hamisi hunicheka.

"Mama Vitabu, sinema yako inatembea kama kinyonga mjamzito. Huyo atamenya viazi mpaka lini?"

"Ngoja, bwanake anarudi."

"Akirudi ana bunduki?"

"Hana."

"Basi mwambie abaki hukohuko!"

Wodi nzima ilicheka siku hiyo, hata yule mama wa kitanda cha dirishani, ambaye juzi alirudi kwao amebeba blanketi tu, bila mtoto.

Tena siku hizi sipendi sinema ambayo mtoto anaumwa, halafu muziki unapanda na yeye anapona. Zamani zilikuwa zinaniliza vizuri. Sasa nazima.

Kwa Saru nachagua kama mtu anayechagua mbegu. Ndovu alishawaona, wale wekundu wa kwetu, tukishuka Voi. Basi nimemwonyesha bahari, akauliza kama ina mamba. Nimemwonyesha theluji, farasi, na harusi ya watu wa mbali. Havimshughulishi. Katika sinema zote anapenda mahali pamoja tu, pale mtu anapofungua mlango. "Rudisha," ananiambia. Namrudishia. Mlango unafunguka tena, naye anacheka na hilo jicho moja mpaka linatoa machozi.

Nyimbo nimezianza upya. Zamani niliupima wimbo kwa maneno yake. Kama hauna kisa, nilimwachia Wawuda acheze nao jikoni. Nilipenda kwaya inayosimulia kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na gitaa la marehemu Baba, lile lililobaki na nyuzi tatu. Sasa nasikiliza nikiwa nimefumba macho, kama Saru atakavyosikiliza. Mama, ukifumba macho wimbo una vitu vingi. Kuna mahali mwimbaji anavuta pumzi. Kuna mtu nyuma anagonga mguu chini na hajui kwamba anasikika. Naandika kila wimbo ninaoutaka kwenye daftari, ili tuwe na akiba. Hata ule wa Wawuda usiokuwa na maneno nimeuandika.

Sasa nifike pale ulipokuwa unaogopa nifike. Daktari amesema hili jicho la pili litatolewa Alhamisi ijayo. Jicho likibaki, ugonjwa utapanda kichwani na tutampoteza Saru mwenyewe. Baba Saru amekubali, alikuja akakaa na mtoto mapajani muda mrefu, kisha akasaini. Na mimi nimesaini, Mama. Uliniambia nikisaini nisikutafute, na kwamba hutatasa maji kumbariki mtu kwa jambo kama hilo. Nimesaini na ninakutafuta.

Siku tulipotoka nyumbani ulitutasia. Ulifungua mlango, ukaja na kile kikombe cha bati, ukapiga funda, ukayapuliza maji mbele yetu yakawa kama ukungu, ukasema, "Kama kuna hasira kifuani mwangu, itoke na maji haya. Nendeni salama." Mwinjilisti alikuwa amesimama pale akikohoa. Ukamwambia, "Usikohoe, baba. Haya ni maombi, yana maji tu."

Jana asubuhi nilimuuliza Saru anataka kuona sinema gani tena kabla ya Alhamisi. Mama Hamisi alikuwa tayari kumpa hata ile ya bunduki nzimanzima.

"Ile ya Nyanya," akasema.

"Ipi ya Nyanya?"

"Nyanya anafungua mlango, anapuliza maji, maji yanang'aa."

Nikamwambia hiyo haimo kwenye simu. Akaichukua simu mkononi mwa Mama Hamisi, akaigeuza, akatazama nyuma yake. Hakuona kitu. Akanipa mimi.

"Rudisha," akasema.

Mama, sikuombi ukubali. Naomba uje kabla ya Alhamisi. Wawuda atakushusha hadi Voi na kukupandisha basi, na Baba Saru atakupokea huku. Njoo na kikombe kilekile cha bati, kingine atakikataa. Kama hasira bado iko kifuani, usiiache nyumbani, njoo nayo, itatoka na maji. Nimeshamweleza nesi. Aliniuliza, "Ni maji matupu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi sakafu nitapangusa mimi." Jua huingia mlango wa wodi asubuhi mapema. Simama upande wake wa kulia, kwa sababu ndiko liliko jicho lililobaki.

Nisalimie mjomba anayepigana na nyani, mwambie nasi tunapigana. Nisalimie shangazi kwa kunibebea maneno, hata yale machungu. Na mwinjilisti, mwambie atuombee, hata kama ni bila maji.

Ni mimi binti yako anayekungoja,
Mghoi, Mama Saru

Hapo chini ni mkono wa wajina wako. Nilidhani amechora kitabu, akanikasirikia. Ni mlango, na amesema ameuchora ukiwa wazi.