Radiateri Kubwa ya Upepo

Bunia

Baba,

Nakusalimia kwa heshima, mikono ingali na weusi ya mafuta yenye imekataa kutoka hata kwa sabuni. Uliamuka namna gani? Ile kikohozi ilikuachilia? Na mama, mugongo inamuruhusu sasa kufika kanisani, ao angali anasalia nyumbani? Mimi, mwili iko muzima. Ni roho njo imelala chini, na nataka nikueleze mimi mwenyewe, mbele ya weye kuisikia kwa wafanyabiashara wanaorudi kwetu Butembo.

Ni habari ya kamyo, ile gari ya mizigo. Unajua kama ni yetu siye wawili, mimi na Musa, yule Muislamu wa Kisangani mwenye kusudura vyuma, kuviunganisha kwa moto, huko Nizi kwenye machimbo ya dhahabu. Tuliiokota ikiwa mabaki, tukaifufua. Weye uliendesha kamyo za zamani zisizo na turbo, basi nikueleze kidogo. Moshi inayotoka kwa moteri inazungusha kipepeo, sawa feni ya chuma, na kile kipepeo kinasukuma upepo ndani ya moteri kwa nguvu. Lakini upepo ikisukumwa vile inakuwa ya moto, na ikiwa ya moto nguvu yake inapunguka. Njo maana wanaipitisha kwanza kwa radiateri yake yenyewe, mbali na ile ya maji, ipate kupoa. Radiateri yetu ya upepo ilikuwa ndogo, tena nusu yake imeziba. Kwa ile milima ya Djugu, tukipakia maharagi, moteri ilikuwa inachemka hata wamama wanashuka na kutembea kwa miguu, wanatuacha nyuma.

Musa akaona huko Nizi kamyo kubwa iliyopinduka, radiateri yake ya upepo haikuguswa. Ilikuwa karibu mara mbili ya yetu. Mwenye nayo akakubali kutupatia kwa kazi ya kusudura.

Hatukukimbia, Baba. Tulibishana sana. Musa alisema upepo itapoa vizuri, kamyo itapata nguvu kwa mupando, na pistoni hazitaungua. Mimi nilisema kitu kikubwa kinachelewa kujaa, utakanyaga leo nguvu ije kesho. Tena itasimama mbele ya radiateri ya maji na kuizuia kupumua. Na tiyo za kupitisha upepo zitakuwa nyingi, kila kiungio ni kauchu, mupira wa kuzishikanisha, na kauchu ya namna ile hapa Bunia haiko. Ikipasuka njiani, tutafanya nini? Musa alisikiliza yote. Kisha akasema, “Kambale, ile ndogo inatuua polepole. Hii, kama itatuua, itatuua tumekwisha kufika.”

Tukaiweka. Na nisiseme uongo: ilikuwa vizuri. Mwanzo wa kukanyaga ilikuwa nzito, kama mutu anayeamushwa, lakini ikishika, inashika. Tulipanda mulima wa mbele ya Iga Barrière na mizigo yote, kwa vitesi ya tatu, bila kushusha gia, wamama wamekaa juu wanaimba. Siku moja watu walituletea bibi mumoja wa Djugu mwenye mimba, uchungu umemukamata tangu juzi yake na mutoto hageuki. Mume wake alimushika kichwa njia yote. Hatukusimama hata mara moja. Alizalia hapa hospitali, yeye muzima, mutoto muzima. Nilirudi kulala nikiwa na furaha ambayo sikuipata tangu nitoke kwenu.

Yule bibi hakunyamaza, na nani angemunyamazisha? Soko yote ikajua kuna kamyo inayopanda bila kuchoka. Wiki haikupita askari wakakuja kwa garaji. Walisema mukubwa wao ana safari, wanaiazima. Musa akawaambia ni mugonjwa, haifiki mbali. Mumoja akacheka: “Bibi mwenye alizala anasema inapanda sawa ndege.”

Niliomba niendeshe mimi. Wakakataa, wako na shofere wao, mutu mupole, mwenye umri kama wangu. Nilimuvuta kando nikamuonyesha kila kauchu. Nikamuambia akisikia inapiga filimbi na kuona moshi nyeusi, asimame palepale, asiikanyage tena, juu kauchu imetoka. Akarudilia maneno yangu, moja moja. Nilimuamini, na mpaka leo namuamini.

Wakairudisha ikivutwa kwa kamba. Kauchu ilitoka kwa mupando. Kipepeo, bila kitu cha kukizuia, kilizunguka mpaka kikavunjika, na moteri, ikikanyagwa bila upepo, ikaungua. Pistoni zimetoboka. Hakuna cha kufufua. Yule shofere alikuja kisha, peke yake, hakuvaa nguo ya kazi. Alisimama mulangoni.

“Nilimuambia mukubwa tusimame,” akasema. “Akaniambia, endesha.”

Nilimupa kiti, akakataa, akaenda.

Kushitaki askari? Kwa nani, Baba? Weye mwenyewe unajua mulango ule unafika wapi.

Musa aliifungua moteri yote, kipande kwa kipande. Alipomaliza alinawa mikono, akaniambia anarudi Nizi, si kusudura tena, kuchimba. Nilimusindikiza mpaka kwenye barabara. Tangu siku ile sijapata habari yake. Ile radiateri haikuharibika. Watu wawili wamekuja kuniuliza kama ni nzuri kwa kamyo zao, na nikawaambia yale yale tuliyobishana, mazuri na mabaya, lakini la askari sikujua niliweke upande gani.

Hapa nabeba magunia ya watu. Kurudi nyumbani mikono mitupu siwezi, na kubaki hakuna ninachongojea.

Sasa, jambo linaloniumiza kuandika. Nilimutumia Kavira, bibi yangu, neno kwamba asilime musimu huu, juu nitakuja na kamyo niwachukue yeye na watoto. Najua amekwisha kufunga vyombo, ni namna yake. Baba, nenda kwake weye mwenyewe, usitume mutu. Muambie afungue vyombo, alime, apande maharagi kama mvua ingali. Akikuuliza ni musimu gani nitakuja, usimuambie kitu.

Unisalimie mama, na shangazi Masika anayepika mikate, na shemeji Paluku katekista, aniombee, mimi nimesahau namna. Mudogo wangu Kahindo asifuate njia ya huku.

Ni mimi mutoto wako,

Kambale