Waya Ulizozifunga Nguo Nyeusi

Mdogo wangu Saidi,

Barua hutanguliwa na salamu, na sijapata kuandika barua isiyo na salamu. Hii haina. Nimekukasirikia, na arobaini yako imepita bila hasira hiyo kupungua.

Wiki ya pili ya msiba alikuja mnunuzi kutoka Muheza kulitazama gari lako. Alikibonyeza kitanda ulichokiunda nyuma, akazigusa rafu ambazo toka Horohoro mpaka Mkwaja watu waliziletea betri za redio zilizoisha uwatilie moto. Akasema, "Mwalimu, hili nitalichukua kama chuma chakavu. Fundi wake kaenda na siri zake." Mwanao Athumani alikuwa amesimama pale pale, mtu mzima, baba wa watoto watatu. Aliinamisha kichwa. Kazi nyingine hana. Miaka minane amesafiri nawe, na kila ulipofungua kifuniko cha betri ulimwambia, "Hebu katazame chai." Mwanao, Saidi! Ulidhani atakuibia?

Nilimwambia mnunuzi arudi baada ya arobaini. Kisha tukafungua kifuniko. Waya zote umezizungushia nguo nyeusi ile ile, ili mafundi wenzako wasiige. Basi hata damu yako haikuambulia kitu. Nililala chali sakafuni, katika umri huu, nikifuata waya moja moja kwa kidole, Athumani akiandika. Tuligundua kwamba betri ni mbili: moja ya kuwashia injini, ya pili ya taa, feni na kazi ya wateja. Injini ikizunguka, dinamo huzijaza zote mbili. Tuliizima injini, taa zikaendelea kuwaka, tukafurahi. Kumbe taa zilikuwa zikizinyonya betri zote mbili kwa pamoja. Asubuhi gari halikutoa hata mlio. Athumani alizungusha hendeli ya injini mpaka viganja vikachubuka.

Niliona maji ya betri yamepungua, nikachota kisimani. Ndiyo, mimi. Kisima chetu unakijua, chai yake ina chumvi. Nilikuwa nimekwisha kuijaza betri ya taa mkeo aliponishika mkono.

"Shemeji, unaiua hiyo! Hiyo hunywa maji ya mvua tu, tena yaliyokingwa uwanjani, si ya kwenye mabati."

Chupa za maji hayo zilikuwa chini ya kitanda cha gari. Na kando ya mto wa kulalia akanionyesha swichi ndogo niliyodhani ni ya feni. "Akizima injini hugeuza hii kwanza, betri zitengane. Ndipo huwasha taa. Miaka yote ile niliyosafiri naye mlidhani nimelala?"

Nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Nani aliniuliza, Baba Mkubwa? Mlichoniuliza ni wali wa arobaini utatosha watu wangapi."

Nimeuza baiskeli yangu kupata betri nyingine.

Lakini si hayo yanayoniunguza. Watu wa Mkwaja wametuambia kwamba tangu Ramadhani ulikuwa ukisimamisha gari njiani na kushika kifua. Mimi nilikuuliza kwa kinywa changu, nawe ukacheka: "Kaka, vumbi hilo." Hospitali iko mwendo mfupi kutoka kwako. Ulikificha kifua kama ulivyozificha waya, na mimi kaka yako ukanituma nikatazame chai.

Nguo zako nyeusi tumezichoma. Kila waya sasa ina uzi wa rangi yake, mkeo kazifunga mwenyewe. Maelezo yote yamo katika daftari linaloning'inia mlangoni, yeyote asome. Leo mnunuzi amerudi. Athumani aliliwasha gari mbele yake mara moja tu, akazima, akageuza swichi, akawasha taa. Yule bwana alitazama, akakohoa, kisha akauliza kama anaweza kuleta betri ya redio yake. Kesho wanakwenda Horohoro, Athumani na mama yake.

Pumzika, Saidi. Nakuombea kila swala, na bado nimekasirika, yote mawili. Ahadi yangu ni hii. Tangu siku ile ya sakafuni kifua changu nacho kinabana. Leo nimemwambia mkeo. Jumatatu nakwenda hospitali, na atakalolisema daktari nitawasomea wote barazani, neno kwa neno.

Ni mimi kaka yako.