Kapu la Jumamosi na Chumba cha Nyuma

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Natumaini umeamka salama na mgongo umepunguza malalamiko. Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unajifanya mtandao unakata. Wanao wamenipigia. Wanasema, Shangazi, hela ya chakula ya mwezi mzima tuliyomtumia baba imeisha ndani ya wiki, na nyumbani hamna kitu ila gunia la vitunguu na chupa ya siki. Sitaki kujua ilikuwaje. Tangu wifi yangu atutoke nimekuwa nikiwaambia kwamba mwanamume huyu hajawahi kununua hata chumvi, nanyi mkanicheka.

Basi mimi na watoto tumekubaliana hivi. Kila Ijumaa watakutumia hela ya kapu moja la wiki. Ukifika mwisho wa Mei bila kuomba nyongeza kwa mtu yeyote, utabaki kwako na hakuna atakayekusumbua tena. Ukiomba hata senti, unafunga nyumba unakuja kukaa kwangu. Chumba cha nyuma nimeshakipaka rangi. Kwangu taa huzimwa saa tatu, na mtu hali akiwa amevaa singlendi.

Dada yako


17 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? La kwangu linakusalimu, asubuhi lilialika likaita jina lako. Mengine yote mazima, ukiacha moyo, ambao umeshtuka kusikia habari za rangi.

Kuhusu gunia, naomba nijitetee. Muuzaji alinitajia bei ya kilo, kisha bei ya gunia. Nikapiga hesabu kichwani nikaona kwamba nikichukua gunia zima ninaokoa hela nyingi kuliko hata niliyokuwa nayo mfukoni. Faida kama hiyo nani angeikataa? Nilichosahau ni kwamba niko peke yangu. Sasa vitunguu vimeota majani, ukifungua stoo unadhani umeingia shambani. Siki ilikuwa ya kuvilowekea, alinishauri muuzaji yule yule, mtu mwema sana. Usinicheke. Niliishia darasa la nne, tena mwalimu aliyenitoa nje kwa kupiga domo ulikuwa wewe.

Wifi yako alikuwa akitoka na kapu tupu, anarudi limejaa na chenji ananipa. Miaka yote ile nikadhani chakula ni bei rahisi. Kumbe ule ulikuwa ufundi, na fundi kaondoka nao.

Jumamosi ya kwanza nilinunua fungu la nyanya kwa bei niliyotajiwa. Jirani yangu Mama Pacha, yule wa wasichana wawili mapacha, akachukua fungu lile lile mbele ya macho yangu kwa nusu yake, akaongezewa na pilipili. Nikamuuliza dawa yake ni nini. Akaniambia, Mzee, wewe unafungua pochi kabla ya kufungua mdomo.

Dada, nilisimama pale pale nikajiona mjinga. Mimi, mdomo wangu, wa kufunguliwa na mtu?

Jumamosi ya pili nikamwendea muuza maharage, wanamwita Bi Mizani kwa sababu anaikodolea mizani yake macho kama itaruka. Nikamuuliza hali ya mama yake. Nikamwambia maharage yake yanaonekana yametoka msibani. Nikaondoka, nikarudi, nikaondoka, nikakaa kwenye kiti chake nikaanza kumsimulia ugonjwa wangu wa mwaka juzi. Alinipa kwa bei niliyotaka na kunijazia kiganja kizima cha nyongeza, mradi tu niinuke.

Kwa hiyo hicho chumba, weka mahindi.

Mdogo wako


1 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mimi mzima, ila usiku sipati usingizi, sababu ni wewe.

Watoto wananiambia hujaomba nyongeza, hilo sawa. Lakini wananiambia pia kwamba walipokutembelea uliwafungashia kabichi, mayai na papai. Mtu anayeishi kwa kapu moja anapata wapi papai la kugawa? Kama umeanza wizi, niambie mapema nijue nguo ya kuvaa mahakamani. Nilikuwa mwalimu katika mji huu, wanafunzi wangu ndio mapolisi.

Dada yako


10 Aprili

Dada yangu mpendwa, mlinzi wa heshima ya ukoo,

Shikamoo. Mimi mzima, tena mkanda nimeulegeza tundu moja. Goti nalo limepata adabu, siku hizi linaalika kwa zamu.

Siibi. Nimeajiriwa.

Ilianza na kijana mmoja aliyeoa juzi. Nilimkuta mbele ya nyanya anageuza pochi mikononi kama mtu aliyetumwa na mkewe bila maelezo. Akataja bei, muuzaji akamtazama, yeye akaomba radhi na kulipa zaidi. Nikashindwa kuvumilia. Nikamshika mkono nikamzungusha soko zima, nikasema kwa niaba yake. Alitoka na kapu limejaa na hela imebaki, akanipa kabichi. Jumamosi iliyofuata alikuja na rafiki zake.

Sasa nasimama langoni asubuhi. Wananijia wote wenye haya: mabwana harusi, karani wa benki anayeona aibu kutaja hela ndogo, mama mmoja mpole ambaye akiambiwa bei anajibu asante. Kila mtu ananipa alichojaliwa. Napokea chochote isipokuwa vitunguu.

Aliyenisumbua ni mwenye bucha. Aliniona nakuja na karani akaweka kisu chini.

"Mzee, leo kilo ni bei hiyo hiyo, hata ukilia."

"Silii mimi. Anayelia ni huyo ng'ombe. Anajiuliza kama alikufa kwa ajili ya mfupa huo uliouficha chini ya nyama."

Foleni nzima ikacheka, naye akacheka. Mwenye bucha akicheka amekwisha, kisu chenyewe kinasogea upande wa mnofu.

Watoto waambie wanaweza kupunguza hela. Hapana, usiwaambie.

Mdogo wako


11 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya na hasira ni za kawaida. Mimi nakula vizuri, lakini nakuandikia Jumamosi asubuhi, saa ambayo ningekuwa kazini, kwa hiyo ujue kuna jambo.

Wauzaji walifanya kikao. Mwenyekiti Bi Mizani. Wakakubaliana kwamba mtu wa kwanza kuniona langoni akohoe, kikohozi kipite kutoka kibanda hadi kibanda mpaka buchani, na bei zote zipande. Mimi nikaingia na watu wangu, nikabembeleza, nikatukana maharage, nikaondoka na kurudi, nikashusha bei kwa jasho, nikajipigia makofi. Kumbe nilikuwa nazishusha hadi pale zilipokuwa kabla sijafika. Nami nilidhani ni mafua yameingia mjini. Nilimwonea huruma hata mwenye bucha, nikampelekea limau.

Kibaya zaidi, waliokuja wenyewe bila mimi nao wakawa wanalipa bei ya kikohozi. Kina mama wakagundua. Jumanne jioni nilisikia hodi, nikafungua, nikakuta ujumbe mzima mlangoni, Mama Pacha mbele.

"Mzee wetu," akasema, "tunakupenda. Tunakuomba Jumamosi ulale."

Nikasema mimi nina kapu la kujaza na dada mwenye chumba kilichopakwa rangi. Wakasema kapu watalijaza wao, kila mmoja ataweka kidogo, mradi lango la soko lisinione. Basi leo limefika. Samaki, mchele, viazi, ndizi, mpaka sabuni. Zamani walinilipa niende sokoni, sasa wananilipa nisiende. Niambie wewe uliyesoma, kuna kazi gani nyingine duniani inayolipa namna hiyo?

Kwa hiyo nimeshinda, Mei haijafika hata mwisho. Soko nalisikia kutoka hapa dirishani. Wanauza kimya kimya kama watu walio kanisani. Inachukiza kidogo.

Mdogo wako


3 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilirudi nyumbani salama kutoka kwako. Asante kwa chakula, na samahani nilikuja bila taarifa. Ndiyo ilikuwa nia yangu.

Sikukwambia kwamba kabla ya kuja kwako nilipita sokoni kukununulia matunda. Yule mwanamke wa maharage alinitazama pua, hii tuliyorithi wote wawili kwa baba, kisha akaniuliza mimi ni nani kwa yule mzee. Sisemi uongo. Nikasema ni mdogo wangu. Akakohoa. Nililipa mara mbili ya wengine, na nililipa bila kusema neno, kwa sababu maisha yangu yote nimelipa bei ya kwanza ninayotajiwa. Kubishana na mtu juu ya embe sikufundishwa wala sikufundisha.

Nimekukuta umenenepa, sufuria zimeoshwa, na mlango wako haukai bila hodi. Nakubali nimeshindwa. Baki kwako. Watoto nimeshawaambia.

Chumba cha nyuma nimempa nesi wa zahanati, amehamia jana. Msichana mtulivu. Jioni tunakunywa chai pamoja barazani namsimulia habari zako za utotoni. Ile ya mbuzi aliyekula kofia ya mchungaji aliicheka mpaka akamwaga chai.

Dada yako


8 Juni

Dada,

Shikamoo. Goti lako sikuliulizi leo, bila shaka lina nesi.

Nimeshinda. Watoto wamenipigia kunipongeza, Mama Pacha kaleta kapu na pongezi zake. Nikakaa mezani, nikalitazama kapu, kapu likanitazama. Sasa nieleweshe, Mwalimu. Mtu anapigana miezi mitatu asipelekwe mahali fulani. Anashinda. Halafu anasikia pale mahali pamepata mwenyewe, na usiku mzima anageuka kitandani kama chapati. Ugonjwa huo una jina? Muulize huyo nesi.

Hukungoja hata rangi ikauke vizuri. Na hiyo hadithi ya mbuzi unaisimulia vibaya. Kofia haikuliwa na mbuzi, mbuzi aliivaa. Ukiondoa hapo hadithi haina maana, na huyo binti amemwaga chai bure.

Basi tuelewane bei. Mimi nataja ya kwanza: kila Jumamosi naja kwako asubuhi, na kapu langu, nakaa hapo barazani mpaka Jumapili jioni. Nalala sebuleni. Taa uzime saa utakayo, mradi kwanza nimalize ninachosema.

Kwa kawaida hapa mnunuzi angekunja uso, angeondoka, ningemwita arudi. Lakini wewe mwenyewe umeandika jinsi unavyolipa, na barua ninayo.

Jumamosi ijayo nipo. Mwambie nesi asogeze kiti.

Mdogo wako